Mizani ya mionzi: Safari ndefu kutoka Newala hadi chumba cha LINAC

Oktoba ikiingia, hakuna kifaa kinachotazamwa kwa macho makali Newala na Masasi kama mizani. Mkulima hushusha gunia la korosho mbele ya ghala la chama cha msingi, karani huliweka kwenye mizani, na watu watatu wanne huinama kwa pamoja kusoma namba. Mizani yenyewe sharti iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika. Hata hivyo mkulima atauliza, na atataka irudiwe. Kilo moja ikipotea katika kila gunia, ni sare ya mtoto wa shule iliyopotea. Isitoshe, biashara ya kangomba, ile ya kununua korosho mashambani kwa vipimo visivyo rasmi, imewafundisha watu wa uwanda wa Makonde kutoamini kipimo kwa maneno matupu.

Ipo fani ya chuo kikuu ambayo kazi yake, ukiivua majina makubwa, ni hiyohiyo ya kuhakiki mizani. Tofauti ni kwamba kinachopimwa hakionekani, hakinuki wala hakisikiki, na anayepunjwa au kuzidishiwa ni mgonjwa wa saratani. Inaitwa fizikia tiba. Husomwa katika ngazi ya uzamili, baada ya shahada ya kwanza ya fizikia, na si miongoni mwa kazi ambazo mtoto wa Kitangari au Lulindi huzitaja mwalimu anapouliza darasani nani anataka kuwa nani.

Mtu wa tatu chumbani

Tiba ya mionzi huwategemea wataalamu wa aina tatu. Daktari bingwa wa saratani huamua mgonjwa apewe mionzi kiasi gani na ielekezwe wapi. Mteknolojia wa tiba mionzi humlaza mgonjwa kitandani, humweka sawasawa kwa milimita, kisha huiendesha mashine. Wa tatu ni mwanafizikia tiba, ambaye mgonjwa anaweza kumaliza matibabu yote bila kumwona hata mara moja. Yeye ndiye anayejibu swali moja tu: je, mionzi iliyoandikwa na daktari ndiyo iliyofika mwilini?

Kipimo cha mionzi inayonywewa na mwili huhesabiwa kwa gray. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida huandikiwa gray 45 hadi 50 kutoka nje ya mwili, zikigawanywa katika vipindi 25, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano, kisha huongezewa mionzi ya ndani. Mgawanyo huo una sababu yake: chembe hai nzima zinahitaji muda wa kujiganga kati ya kipindi na kipindi, na zile za saratani hujiganga kwa shida zaidi. Dozi ikipungua, uvimbe hurudi. Ikizidi, kibofu na utumbo huungua, na madhara yanaweza kujitokeza miezi kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa ameshasahau njia ya kwenda hospitali.

Kosa linavyoweza kuwa dogo, yaliyotokea Costa Rica yanatosha kueleza. Mwaka 1996, katika hospitali moja jijini San José, chanzo cha kobalti cha mashine ya tiba kilibadilishwa na kipya. Chanzo kipya lazima kipimwe nguvu yake kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala chini yake. Katika hesabu za upimaji huo, sehemu 0.3 ya dakika ilichukuliwa kuwa sekunde 30. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiwa na kalamu na karatasi atakwambia kwamba 0.3 ya dakika ni sekunde 18. Kwa kosa hilo nguvu ya chanzo ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa, na wagonjwa wakaachwa chini ya mashine kwa muda mrefu kupita kiasi. Waliathirika wagonjwa 115, wakipata dozi iliyozidi ile ya daktari kwa nusu yake au zaidi. Baadhi yao walikufa kwa mionzi hiyo.

Mashine haikuharibika wala umeme haukukatika. Iliyokosewa ni desimali.

Kobalti inayochakaa, LINAC inayoyumba

Kwa miaka mingi mahali pekee palipotoa tiba ya mionzi Tanzania palikuwa Ocean Road, jengo jeupe lililojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwenye ufukwe wa Dar es Salaam. Mwaka 1996 ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya Bunge. Baadaye Hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo ikaanza kutoa huduma hiyo. Mashine zilizobeba mzigo kwa miongo yote hiyo zilikuwa za kobalti-60.

Kobalti ina tabia ambayo mwanafizikia tiba hawezi kuisahau. Hata ikikaa bila kutumika, nguvu yake hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na baada ya miaka 5 na miezi mitatu hivi hubaki nusu. Kwa hiyo dakika zilizomtosha mgonjwa wa Januari hazimtoshi mgonjwa wa Desemba. Kila mwezi mtu hukaa chini na kuandika upya jedwali la muda. Chanzo kikizeeka sana, aliyekuwa akilala kitandani dakika mbili hulala nne, na foleni ya nje nayo hurefuka mara mbili.

Mwaka 2018 Ocean Road ilianza kutumia mashine za LINAC. Ndani yake hakuna kobalti. Chembe ndogo za elektroni hukimbizwa kwa mawimbi mafupi mpaka zikaribie mwendo wa mwanga, kisha hugongeshwa kwenye kipande cha chuma cha tungsteni, na hapo huzaliwa mionzi yenye nishati mara makumi ya ile ya eksirei ya kifua. Ndiyo maana chumba chake huzungushiwa zege nene kupita mita moja. LINAC haichakai kama kobalti, lakini huyumba. Leo inaweza kutoa zaidi kidogo, kesho pungufu kidogo. Hivyo kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza kuitwa, lazima ipimwe.

Lita 27 za maji

Upimaji mkubwa, ule ambao vipimo vyote vya kila siku huuegemea, hufanywa kwenye maji, kwa kuwa mwili wa binadamu na maji huizuia mionzi kwa namna inayokaribiana. Mwanafizikia huweka chini ya mashine sanduku la plastiki angavu lenye urefu, upana na kina cha sentimita 30. Piga hesabu: ni lita 27, yaani ndoo kubwa na dumu dogo juu yake. Newala, ambako mchanga wa uwanda huinywa mvua yote na wanawake wa vizazi vingi walishuka mabondeni kuteka kabla mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 haujaanza kuyasukuma kupanda mlima, lita 27 ni uzito unaojulikana shingoni.

Maji yakitulia, mistari myembamba ya leza hutumika kuliweka sanduku sawa. Kisha kifaa kidogo chenye umbo la kidole huzamishwa sentimita 10 chini ya uso wa maji. Ndani yake mna hewa, sehemu 0.6 tu ya sentimita moja ya ujazo, pungufu ya kijiko kidogo cha chai. Mionzi ikipita katika hewa hiyo huzalisha chaji ya umeme, na chaji hiyo ndiyo inayosomwa nje kwa waya mrefu. Kifaa hiki huitwa kwa jina la Mwingereza aliyekibuni, Frank Farmer. Jina lake la ukoo, kwa Kiswahili, ni mkulima.

Mlango mzito hufungwa. Mashine huwashwa kwa sekunde chache, namba husomwa na kuandikwa. Hurudiwa mara ya pili, kisha ya tatu, kama vile gunia linavyorudishwa kwenye mizani mwenye mali asiporidhika. Halafu husomwa vitu viwili ambavyo mgeni asingevidhania: kipimajoto kilichomo majini na barometa iliyoko ukutani.

Hapo ndipo uwanda wa Makonde unapoingia katika habari hii. Hewa iliyomo ndani ya kifaa ni hewa ya mahali kilipo. Ikiwa nyepesi, chaji hupungua na namba hushuka, ingawa mashine haijabadilika hata chembe. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu huliona bonde la Ruvuma limetandazwa chini hadi Msumbiji. Kati ya ufukwe wa Mtwara na ukingo huo mgandamizo wa hewa hupungua kwa zaidi ya asilimia 5. Na tangu mwaka 1976 wataalamu wa vipimo vya mionzi duniani wamekuwa wakishauri kwamba dozi inayomfikia mgonjwa isipishane na ile ya daktari kwa zaidi ya asilimia 5, makosa yote yakijumlishwa. Maana yake, kupanda tu kutoka Mtwara hadi Newala bila kusahihisha hesabu kungeimaliza nafasi yote ya kukosea.

Newala haina LINAC, lakini jambo lenyewe ni la kila siku nchini. Maabara ya viwango ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), inayohakiki vifaa vya kupimia mionzi, iko Arusha, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Mashine za Ocean Road zinapigwa na upepo wa bahari. Kifaa kinachohakikiwa Arusha na kutumika Dar es Salaam husafiri kutoka hewa moja kwenda nyingine, na mwenye kukitumia asiyejua kusahihisha tofauti hiyo ameshika mizani mbovu.

Kibeji kifuani

Masasi na Newala hazijakosa kabisa kukutana na fani hii. Katika chumba cha eksirei, kuanzia hospitali za wilaya hadi Hospitali ya Ndanda iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini, mtumishi anayefanya kazi na mionzi anatakiwa kuvaa kibeji kidogo cha plastiki kifuani. Ndani yake mna vipande vya fuwele vinavyohifadhi alama ya mionzi iliyompiga mvaaji. Baada ya muda vibeji hupelekwa TAEC, fuwele hupashwa moto, nazo hutoa mwanga hafifu. Kadiri mwanga unavyokuwa mkali, ndivyo mvaaji alivyopigwa na mionzi mingi.

Kuusoma mwanga huo, kukagua kama ukuta wa chumba unazuia mionzi ipasavyo, kuhakikisha mtoto hapigwi picha ya CT-Scan kwa mionzi ya mtu mzima: hayo pia ni fizikia tiba. Ndiyo sababu fani haiishii kwenye saratani. Kila mashine ya mionzi inayoshushwa kusini, iwe ya hospitali ya wilaya au ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyojengwa Mtwara, huja na maswali ambayo mwenye kuyajibu ni mwanafizikia.

Kutoka PCM hadi upepo wa bora

Mchukulie mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma Fizikia, Kemia na Hisabati (PCM) katika mojawapo ya shule kongwe za Masasi. Wakubwa wake nyumbani humsukuma kwenye njia tatu zinazojulikana: udaktari, uhandisi, ualimu. Fizikia tiba huanza kwa njia ya nne, shahada ya kwanza ya fizikia, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka mitatu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 waliofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi wanaweza kupata Samia Scholarship. Wengine hutegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo. Shahada ya fizikia ikimalizika, jirani huuliza kijana amesomea nini, na jibu halieleweki upesi.

Halafu ndipo uzamili. Kijana husoma anatomia, ambayo hakuigusa tangu kidato cha nne, pamoja na athari za mionzi kwa chembe hai, upimaji wa dozi, picha za tiba, kinga dhidi ya mionzi na takwimu. Mtu aliyezoea kuihesabu dunia kwa milinganyo hujikuta akikariri jina la kila tezi ya shingoni, kwa sababu atakapochora njia ya mionzi kwenye kompyuta atatakiwa ajue ni tezi gani ya kuepushwa.

Miongoni mwa milango iliyo wazi kwa Mwafrika, mmoja uko Trieste, Italia. Mwaka 1964 Abdus Salam, mwanafizikia wa Pakistani ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alianzisha huko kituo cha kimataifa cha fizikia ili vijana wa nchi maskini wapate pa kusomea bila kulazimika kuzihama nchi zao moja kwa moja. Tangu 2014 kituo hicho na Chuo Kikuu cha Trieste huendesha shahada ya uzamili ya fizikia tiba ya miaka miwili, ikiungwa mkono na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Mwaka wa kwanza ni wa darasani. Wa pili mwanafunzi hupelekwa kwenye hospitali ya Italia iliyo katika mtandao wa programu hiyo, akafanye kazi chini ya mwanafizikia mzoefu. Aliyekulia na kusi na kaskazi hukutana huko na bora, upepo mkavu wa baridi unaoteremka milimani wakati wa kipupwe kwa nguvu ya kumyumbisha mtu mzima barabarani.

Milango mingine iko karibu zaidi. Chuo Kikuu cha Ghana kilianzisha mwaka 2006 shule ya sayansi za nyuklia kwa kushirikiana na tume ya atomiki ya nchi hiyo na IAEA, na imepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, nacho kina historia ndefu katika fani hii. Tanzania ni mwanachama wa IAEA tangu 1976, na maombi ya ufadhili wa shirika hilo hupitia TAEC. Mwanafunzi wa Newala anayeutafuta ufadhili huo ataanzia TAEC kabla ya Vienna, yalipo makao makuu ya IAEA.

Lakini cheti cha uzamili hakimfanyi mtu aruhusiwe kuishika mizani peke yake. IAEA inashauri kwamba, baada ya shahada, mwanafizikia tiba apate mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka miwili chini ya usimamizi. Hapa ndipo njia inapokuwa nyembamba. Darasa linaweza kuongezwa viti. Mafunzo ya hospitalini yanahitaji mashine inayofanya kazi na mzoefu mwenye saa za kumsimamia mwanagenzi, na mzoefu huyohuyo ndiye anayesubiriwa na wagonjwa wa asubuhi.

Hesabu ya miaka saba

Jumlisha: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya uzamili, miwili ya hospitalini. Ni saba, bila kuhesabu miezi ya kusubiri majibu ya ufadhili. Nyumba ya zege inaweza kumwagwa na mashine kununuliwa kwa muda mfupi kuliko huo. Mashine ya mwaka 2033, popote itakapofungwa, inahitaji mtu ambaye leo yuko kidato cha sita.

Kwa sasa mgonjwa wa Masasi anayehitaji mionzi husafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Vipindi 25 havina namna ya kwenda na kurudi. Ni wiki tano za kukaa mjini, kwa ndugu ikiwa yupo, pamoja na msindikizaji anayeliacha shamba la mikorosho bila mtu wa kupalilia. Barabara yenyewe si ya kuaminika kila wakati: Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata upande wa Somanga, mkoani Lindi, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Matibabu ya mionzi hayapendi kukatizwa. Siku zinazopotea katikati huipa saratani nafasi ya kukua tena, na ni mwanafizikia na daktari wanaokaa kuhesabu upya jinsi ya kulifidia pengo.

Uganda ilionja ugumu huo kama taifa zima. Mashine yake pekee ya kobalti, iliyokuwepo Mulago tangu 1995, iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Katikati ya hapo waliokuwa na uwezo, au waliopata msaada, walivuka mpaka kwenda Kenya. Miaka minne baada ya uzinduzi huo, Februari 2022, IAEA ilitangaza mpango wake wa Miale ya Matumaini wa kuzisaidia nchi zenye upungufu wa tiba ya mionzi, hasa za Afrika. Tanzania peke yake ilikadiriwa kuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 katika mwaka 2020.

Novemba 7, siku aliyozaliwa Marie Curie mwaka 1867, wanafizikia tiba duniani huadhimisha siku yao. Newala tarehe hiyo huangukia katikati ya msimu, magunia yakiwa yamepangwa ghalani na minada ikiendelea. Basi la Mtwara huondoka asubuhi likiwa limejaa. Abiria mmoja akinywa maji yake yote kabla ya kuondoka, akaifunga chupa tupu kwa kizibo na kuiacha chini ya kiti, akishuka stendi ya Mtwara ataikuta imebonyea ubavuni ingawa hakuna aliyeikanyaga. Hewa iliyomo ndani ni ya Newala. Iliyoiminya kutoka nje ni ya pwani. Na tofauti ya hewa ya namna hiyo ndiyo ambayo, asubuhi hiyohiyo Ocean Road, mtu aliyesimama mbele ya barometa anaisahihisha katika daftari lake kabla jina la mgonjwa wa kwanza halijaitwa.